Kikombe cha Mtoto

Jioni moja ufukoni Kalundu, mjini Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, nilimwona msichana wa miaka kama minane akijaza bidoni la lita ishirini. Alililaza juu ya maji, akaacha mawimbi yaliingie taratibu. Kabla ya kulifunga aliinama, akakusanya viganja, akateka maji ya ziwa na kunywa. Kisha akajitwika bidoni, akapanda kwao.

Nyumbani kwao, nilikomfuata, kuna kichujio. Ni ndoo mbili zilizopandana. Ya juu ina kichujio cha udongo wa kuchoma, ya chini ina robine ndogo. Mama yake ananawa mikono kwanza, ndipo anasugua kile cha udongo kwa brashi laini, polepole, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Maji yanayotoka pale ni safi. Na mwanawe alikuwa amekwisha kunywa ya ziwa.

Toleo hili tumeliandaa kwa sababu ya viganja vile. Tumezoea ripoti zinazohesabu vichujio vilivyogawiwa, wakati kinachomlinda mtoto ni kila kikombe anachokunywa tangu asubuhi hadi usiku: shuleni, shambani, mtoni, kwa jirani.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika familia 240 za vijijini humu nchini Kongo. Wengine walipewa vichujio vya kweli, wengine vya kufanana navyo visivyochuja, bila kujua nani ana kipi. Vile vya kweli viliondoa sehemu kubwa ya vijidudu. Hata hivyo, tofauti ya kuhara kati ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Baada ya miezi minane, familia nyingi zilikuwa bado zinatumia vichujio vyao, lakini watoto 95 katika kila 100 walikuwa wamekunywa pia maji yasiyochujwa siku moja tu kabla ya kuulizwa. Mimi siwalaumu mama zao. Mtoto mwenye kiu hangoji ndoo inayodondosha lita moja au mbili kwa saa.

Wala kichujio kisifanywe kisingizio cha kuisahau Regideso, shirika la maji ya bomba. Takwimu za Uvira za mwaka 2009 hadi 2014 zilionyesha kwamba robine zikikauka siku nzima, wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata, ukilinganisha na pale maji yanapotoka vizuri. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walihusishwa na udhaifu wa huduma ya maji. Robine zikikauka, mji mzima unashuka ziwani, na kipindupindu hakijatuacha kwa miongo mingi. Kisha Aprili 2020 mto Mulongwe ukafurika, ukaua makumi ya watu na kuharibu mitambo ya maji. Kwa wiki kadhaa baadaye, mwenye kichujio alikuwa na bahati, na hapo ndipo ilipo thamani yake: kinamsitiri mtu wakati bomba linasubiriwa, na kijijini ambako bomba halijafika kabisa.

Kwa hiyo, anayepeleka vichujio Makobola au Sange apeleke na kimoja darasani, chenye robine iliyo chini, mtoto aifikie mwenyewe. Ahakikishe vipuri vinauzwa sokoni kwa bei anayoimudu muuza samaki wa ndakala. Na arudi baada ya miezi minane, amuulize mtoto: jana ulikunywa wapi?

Nilipokuwa naaga kule nyumbani, mama wa yule msichana alikiinua kichujio chake dirishani ili nikione vizuri. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni hadi karibu na kitako. Maji yalikuwa bado yanatoka maangavu, akasema, na yeye aliendelea kukisugua kila yanapopungua kasi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vijidudu vinapita kwenye ufa.