Dola Nne za Mto Colorado

Mtu atafutaye kazi huuliza kwanza, "Mshahara ni kiasi gani?" Swali hilo si baya, ila peke yake halitoshi. Mwaka 1931 maelfu ya wanaume wa Marekani waliliuliza walipofika katika bonde la Mto Colorado, mpakani mwa Nevada na Arizona, ambako Serikali yao iliazimia kujenga ukuta wa kuzuia maji na kutoa nguvu za umeme. Jibu walilopewa ni dola 4 kwa siku kwa kibarua wa kawaida. Ukuta huo ndio wa bwawa la Hoover, wenye kimo cha futi 726.

Katika miaka ile dola 4 hazikuwa fedha za kudharauliwa. Viwanda vilikuwa vimefungwa kote nchini, na watu wenye ufundi wao walikuwa wakipanga mstari kungojea bakuli la supu. Mji wa Las Vegas, ambao wenyeji wake walikuwa 5,000 hivi, ulifurika wageni waliokuja na wake zao na watoto, na wengi wao walilala katika mahema na magari kando ya mto. Serikali ilikuwa imewapa kazi hiyo wakandarasi walioungana kwa jina la Six Companies, na msimamizi wao mkuu alikuwa Frank Crowe. Mtu huyu alijua vema kwamba kwa kila mfanya kazi aliye ndani, wako wengi wanaongoja nje.

Mishahara ilitofautiana kwa kadiri ya ufundi na hatari. Aliyezoa kifusi alipata dola 4. Wale waliofungwa kamba na kuning'inia kwenye magenge, wakiyaangusha mawe yaliyolegea, walipata dola 5 na senti 60. Mwendesha mashini kubwa ya kuchota mawe alifikia dola 10. Lakini katika zile dola 4, mtu asiye na mke aliyekaa katika bweni la kampuni alikatwa dola 1 na senti 60 kila siku kwa ajili ya chakula na malazi. Zikabaki dola 2 na senti 40. Tena, sehemu ya malipo haikuwa fedha halisi bali vyeti vya kampuni, ambavyo thamani yake kamili ilipatikana katika duka la kampuni hiyo hiyo. Hivyo mwajiri alitoa ujira kwa mkono wa kulia na kuurudisha kwa wa kushoto. Desturi hiyo ilikomeshwa na Serikali mwaka 1933.

Watu walifanya kazi siku zote saba za juma, zamu tatu za saa nane. Walipumzika sikukuu ya Krismasi na tarehe 4 Julai tu, na siku hizo hawakulipwa. Katika kiangazi cha 1931 joto lilikuwa kali hata watu kadhaa wakafa kwa hilo joto tu.

Basi mwezi wa Agosti mwaka huo, kampuni ilipowahamisha baadhi ya wazoa kifusi kwenye kazi ya ujira mdogo zaidi, wenzao waligoma. Madai yao hayakuwa ya ajabu: waongezewe mshahara, wapewe maji safi na ya baridi ya kunywa, vyoo vizuri, na sheria za migodi zifuatwe. Crowe alikataa, akawaachisha wote kazi. Baada ya siku chache mgomo ulivunjika, na wengi wakarudi kwa ujira ule ule. Hata hivyo si kwamba hawakupata kitu. Kampuni iliahidi kutopunguza mishahara tena, na maji na nyumba vilitengenezwa upesi kuliko kabla.

Jambo la sheria za migodi lilikuwa zito. Ndani ya mlima yalichimbwa mapango manne ya kuyapitisha maji ya mto kando, kila moja upana wa futi 56, na malori ya petroli yalikuwa yakiingia na kutoka humo mchana na usiku. Sheria ya Nevada ilikataza mashini za petroli chini ya ardhi, kwa sababu ya moshi wake wenye sumu. Kampuni ilikwenda mahakamani na mwaka 1932 ikashinda, na malori yakaendelea. Hesabu rasmi ya waliokufa kwa ajali za kazi ni 96. Watu 42 walioandikwa kuwa wamekufa kwa kichomi hawamo katika hesabu hiyo, na wenzao walishuku kwamba kilichowaua ni ule moshi. Waliougua walifungua mashtaka. Mwezi wa Januari 1936 kampuni ilipatana nao nje ya mahakama na kuwalipa.

Watu weusi wa Marekani, wenye uraia kama wengine, hawakuajiriwa kabisa mpaka katikati ya mwaka 1932, baada ya vyama vyao kulalamika. Hata hapo hawakuzidi 30 kwa wakati mmoja. Walipewa kazi za chini, ndoo zao za maji zilitengwa, na hawakuruhusiwa kukaa katika mji mpya wa Boulder City, bali walisafiri kila siku kutoka Las Vegas.

Mwezi wa Juni 1934 idadi ya wafanya kazi ilifikia 5,218. Tarehe 30 Septemba 1935 Rais Roosevelt alikuja kulizindua bwawa, na mwezi wa Oktoba 1936 mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme. Kuanzia hapo maji ndiyo yaliyofanya kazi. Mafundi wa umeme na waangalizi wa mitambo walihitajiwa, nao walipata kazi za kudumu. Mzoa kifusi hakuhitajiwa tena. Baadhi yao walifunga mizigo wakashuka na mto kwenye bwawa la Parker, ambako Crowe alikuwa amekwisha kuanza ujenzi mwingine.