AFYA YA MAMA NA NYUMBA YAKE: Jibu la Siku ya Kumi

Mwezi huu tumeona vema tuongee juu ya jambo ambalo wengi mmetuuliza kwa kunong'ona baada ya ibada: hatari ikishatokea, mtu apime lini virusi vya UKIMWI, na jibu aliamini kiasi gani?

Mama mmoja wa hapa kwetu Kihonda alitujia jioni, mtoto wa miezi minne mgongoni. Mumewe, ambaye kazi yake ni safari za barabara ya Dodoma, alikuwa ameungama kwamba huko njiani alilala na mwanamke mwingine. Tangu arudi, mama alikuwa akilala chumba cha watoto. Siku ya kumi baada ya tendo lile walikwenda wote wawili kupima, wakaambiwa hawana virusi. "Sista, Mungu ametuepusha," alisema huku akifuta machozi. "Sasa nirudi chumbani?"

Ilituuma kumpunguzia furaha, lakini tulimwambia: bado.

Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu la kidoleni, hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Askari hao hawatokei kwa siku moja. Aliyepanda mahindi jana hawezi kwenda shambani leo akasema hayakuota. Kwa watu wengi kipimo huanza kuonyesha kati ya juma la nne na la sita, lakini jibu la kutegemea kabisa ni la baada ya miezi mitatu kamili. Muda huo wa kungojea huitwa kipindi cha dirisha. Hatari yake ni kwamba ndipo virusi vinapokuwa vingi sana mwilini, na mtu anaweza kumwambukiza mwenzake huku mkononi ana karatasi iliyoandikwa kwamba hana.

Tuliwashauri basi wajizuie, au watumie kondomu kila mara, hadi miezi mitatu itimie. Tulifikiria na mtoto pia. Mama akiambukizwa wakati ananyonyesha, virusi hujaa hata katika maziwa.

Juma la sita walirudi. Mume alikutwa na virusi. Damu yake ikapimwa tena kwa vipimo vya aina nyingine, kwa maana jibu la kuwa na virusi halitolewi kwa kipimo kimoja tu. Mama hakuwa navyo, na alipopima tena miezi mitatu ilipotimia hakuwa navyo. Leo mume anameza dawa, ambazo nchini kwetu hutolewa bure tangu mwaka 2004. Virusi vyake vikishafifia hadi vipimo visivione, hatamwambukiza mkewe kwa tendo la ndoa. Wakati wakingojea hayo, kondomu inaendelea, na mama ameelezwa juu ya dawa za kinga. Machozi yalikuwepo, hatuwafichi. Lakini mtoto ananyonya kwa amani.

Dada zetu, shikeni haya. Kama hatari imetokea leo, iwe kwa kubakwa, kuchomwa na sindano au kwa tendo la ndoa, msingoje dirisha. Kimbilieni kituo cha afya mara moja, maana kuna dawa za kuzuia maambukizi. Ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Yule baba aliungama siku ya nane. Mlango huo ulikuwa umekwisha kufungwa.

Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Ni vema, lakini dirisha ni lile lile, na kikionyesha virusi nenda kituoni ukathibitishe. Mjamzito aliyepima mwanzoni asikatae kupimwa tena mimba inapokua na anaponyonyesha. Mtoto wa mama mwenye virusi hupimwa virusi vyenyewe anapofikisha majuma sita, kwa sababu hadi miezi 18 anaweza kuwa na askari aliowarithi kwa mama yake.

Wengine husema kurudi kupima ni kumtilia Mungu shaka. Sivyo. Mwaka 2007 Rais Kikwete na Mama Salma walipima hadharani, na wengi wakapata ujasiri. Ujasiri wa kwenda mara ya pili hauna watazamaji, lakini ndio unaolinda nyumba. Andika tarehe ya hatari, hesabu miezi mitatu, nenda na mwenzako.

Bwana awalinde ninyi na watoto wenu. Tukutane mwezi ujao.