SERIKALI YETU NA KAZI ZAKE: Mawaziri wa Kaunti ni Watumishi wa Nani?



Kila gavana mpya anapoapishwa, swali la kwanza linalosikika sokoni, iwe ni Rongo au Oyugis, Isebania au Mbita, ni hili: "Sisi tumepewa kiti gani?" Watu huhesabu majina ya mawaziri kwa ukoo, kwa tarafa na kwa kabila, na wakikosa jina la kwao huona kwamba serikali imewapita. Swali hilo si la kudharauliwa. Lakini liko swali la pili, ambalo huulizwa na wachache, nalo lina faida kubwa zaidi kwa mkulima: aliyepewa kiti amepewa kazi gani, na ni nani atakayemwuliza asipoitenda? Leo twapenda kuyaeleza yote mawili.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 179, yasema kwamba mamlaka ya utendaji ya kaunti yamo mikononi mwa Kamati ya Utendaji, ambayo watu wengi huiita baraza la mawaziri. Ndani yake yumo Gavana, yumo Naibu wake, na wamo wale walioteuliwa na Gavana na kukubaliwa na Bunge la Kaunti. Mahali penye Bunge la wajumbe 30 au zaidi, walioteuliwa hawawezi kuzidi 10. Na penye Bunge dogo kuliko hilo, hawawezi kuzidi theluthi moja ya wajumbe wake. Migori ina wadi 40, na Homa Bay nayo ina wadi 40. Basi kila moja yaweza kuwa na mawaziri 10. Lamu, yenye wadi 10 tu, haiwezi kufikia idadi hiyo.

Tena, waziri hawezi kuwa mjumbe wa Bunge la Kaunti. Maana yake ni kwamba anayepitisha sheria na kukagua fedha si yeye anayezitumia. Utaratibu huu ni tofauti sana na ule waliouzoea babu zetu. Chini ya serikali ya kikoloni, nchi hii yote ilikuwa wilaya moja, iliyokuja kuitwa Nyanza Kusini, na kwa muda mrefu makao yake yalikuwa Kisii. Mabaraza ya Wenyeji yalianzishwa kwa sheria ya 1924, na kwa sheria ya 1950 yakageuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Wajumbe walizungumza, lakini kwa muda mrefu aliyekaa katika kiti cha mwenyekiti alikuwa Bwana DC, na Bwana DC alijibu kwa wakubwa wake, si kwa wakulima. Serikali za mikoa zilizoanza 1963 hazikudumu. Ziliondolewa mwaka uliofuata. Ndipo 2013 zikaanza hizi kaunti tulizo nazo.

Sasa turudi kwa swali la kwanza, la viti. Sheria yenyewe yalijali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yamtaka Gavana, anapoteua, aangalie makabila na desturi mbalimbali za kaunti yake, pamoja na jamii zilizo chache au zilizoachwa nyuma. Katika Migori, majimbo mawili kati ya manane ya uchaguzi, Kuria Magharibi na Kuria Mashariki, ni nchi ya Wakuria. Kwa hiyo haikuwa bahati tu kwamba Naibu wa Gavana Okoth Obado, aliyetawala 2013 hadi 2022, alikuwa Mkuria, na kwamba Gavana Ochilo Ayacko, aliyechaguliwa 2022, naye alisimama pamoja na Mkuria. Katika Homa Bay wako Wasuba wa Rusinga, Mfangano na nchi kavu iliyo jirani, ambao lugha yao imemezwa karibu yote na Kijaluo. Nao wana haki ya kuonekana mezani.

Kadhalika wanawake. Kifungu cha 197 chakataza zaidi ya theluthi mbili za Kamati kuwa wa jinsia moja. Kamati ikiwa na watu 12, pamoja na Gavana na Naibu wake, haiwezi kuwa na wanaume zaidi ya 8. Homa Bay yenyewe ilimchagua mwanamke, Bi. Gladys Wanga, kuwa Gavana mwaka 2022.

Lakini sheria hiyo hiyo haikukomea kwenye ukoo. Yataka kila waziri awe na shahada ya chuo kikuu, na awe amepata ujuzi wa miaka isiyopungua mitano katika kazi inayohusu idara yake. Basi mtu akitolewa jina kwa sababu ni wa kwetu tu, naye hajui tofauti ya mbolea na chokaa, sisi wenyewe ndio tutakaopata hasara. Ng'ombe akipatwa na homa ya kupe Nyatike, hatapona kwa sababu waziri wa kilimo alizaliwa karibu.

Kazi za mawaziri hao ni nyingi, nazo zimegusa maisha yetu ya kila siku. Kilimo, mifugo na uvuvi ni kazi ya kaunti. Hospitali za kaunti na zahanati. Barabara za kaunti, kama zile za kupitishia miwa kwenda kiwandani Awendo. Masoko, maji, shule za watoto wadogo na vyuo vya ufundi vya vijijini. Lakini polisi, machifu, shule za msingi na za sekondari, na barabara kuu iendayo Isebania ni za serikali ya taifa. Watu wengi hupoteza nauli na siku nzima kwa kubisha mlango usiohusika.

Haya, na fedha? Waziri hachoti fedha apendavyo. Mtunza hesabu wa kila idara ni Ofisa Mkuu wake. Waziri wa Fedha hana budi kuleta makadirio mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na angalau asilimia 30 ya bajeti yapasa kwenda katika maendeleo. Wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla makadirio hayajapitishwa. Anayekaa nyumbani siku ya mkutano huo, kisha akalalamika Julai kwamba daraja la kijijini kwake halimo, amechelewa.

Tuseme, basi, zahanati imekaa bila dawa. Kwanza, mwandikieni mjumbe wa wadi yenu barua yenye tarehe na majina ya dawa zilizokosekana. Maneno ya barabarani hayana kumbukumbu. Kamati ya Bunge la Kaunti ina uwezo wa kumwita waziri wa afya aje kujibu mwenyewe. Akionekana hawezi kazi, au ametumia cheo vibaya, au amekosa mikutano mitatu mfululizo ya Kamati bila sababu, mjumbe akiungwa mkono na theluthi moja ya Bunge aweza kuleta hoja ya kumwondoa. Wajumbe watano watachunguza na kutoa taarifa katika siku 10, na waziri atapewa nafasi ya kujitetea. Hoja ikithibitika na kupitishwa na wajumbe walio wengi, Gavana hana hiari tena. Lazima amwachishe kazi.

Hapa ndipo penye hatari, wasomaji. Waziri anapoitwa kujibu, mara nyingi watu wa kwao husimama na kusema, "Mnamwonea kwa sababu ni mtu wetu." Kilio hicho kikimwokoa mtu asiyefanya kazi, zahanati inayobaki tupu yaweza kuwa ya kwao hao hao. Kumtetea aliyeonewa ni wema. Kumtetea mvivu kwa ajili ya ukoo ni kujinyima dawa. Cheo ni dhamana, na mwenye dhamana huulizwa hesabu.

Kwa hiyo, orodha ya mawaziri itakapotangazwa tena, baada ya uchaguzi wa 2027, ihesabuni kwa kabila na kwa jinsia, maana sheria yawaruhusu. Kisha andikeni kando ya kila jina idara yake na elimu yake, mkaihifadhi karatasi hiyo. Mwaka ukiisha, isomeni tena mbele ya mjumbe wenu.

Toleo lijalo tutaeleza kazi za Katibu wa Kaunti, ambaye huandika kumbukumbu za Kamati hiyo na kuwaongoza watumishi wote wa kaunti.