Rudio la Kamari ni Chambo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

  

Zamani hapa Pongwe mtu akitaja mkeka ulijua anataja tandiko la kuswalia, au la kukalishia wageni, au kazi ya ukili iliyo mikononi mwa mama yake. Leo neno hilo limetekwa nyara. Kijana akisema, "Mkeka wangu umechanika," usiende kumtafutia ukili wa kuushona. Mkeka wake ni orodha ya mechi za mpira alizozitabiri kwa fedha ndani ya simu, na kuchanika kwake ni kuliwa. Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeacha mbachao na msala vyote viwili, tumekimbilia mkeka usiokalika.

Kwamba kamari ni haramu, msomaji, walijua tangu chuoni. Sikusudii kukusomesha ulilolisoma. Nakusudia kuitazama hoja moja tu, ambayo imewanasa hata watu wanaoonekana safu ya kwanza msikitini, nayo ni hoja ya nafasi ya pili. Mtu husema: "Mimi sichezi ovyo. Mchezo wenyewe siku hizi una huruma. Ukikosea kidogo unarudishiwa."

Huruma hiyo asili yake ni ya mbali. Katika gofu, mchezaji aliyepiga mpira vibaya mara nyingine huachiwa na wenzake apige tena bila kuhesabiwa kosa. Wenyewe huita maligani. Sisi tuseme rudio. Rudio hili likahamia katika mashindano ya karata ya ishirini na moja kwenye makasino. Wachezaji huingia kwa ada, kila mmoja hupewa vibao sawa, hucheza idadi maalumu ya mikono, na mwenye vibao vingi mwishoni ndiye mshindi. Katika baadhi ya mashindano hayo mchezaji hupewa, au huuziwa, rudio moja: mkono ukiwa mbaya, aukatae agaiwe karata nyingine. Akishalitumia limekwisha.

Na lina mafundi wake, wanaofundisha namna ya kulitumia. Husema: usilipoteze mwanzoni kwa dau dogo. Lihifadhi mpaka mikono ya mwisho, siku umeweka dau kubwa na mwenzako amekutangulia. Usisahau kwamba karata mpya zaweza kuwa mbaya kuliko za kwanza. Maneno hayo yana akili, sikatai. Lakini hebu tuyapime kwa hesabu ya dukani.

Tuseme watu kumi wametoa shilingi 10,000 kila mmoja. Zimepatikana 100,000. Mwenye meza amekata 10,000 zake, zimebaki 90,000 za zawadi. Sasa wape wote kumi marudio, wayatumie kwa hekima ya Luqman. Je, zile 90,000 zitarudi kuwa 100,000? Hazirudi. Rudio linaweza kuhamisha fedha kutoka mfuko wa huyu kwenda mfuko wa yule, lakini haliongezi hata senti. Na ikiwa rudio lenyewe huuzwa, basi watu kumi hao wametoa fedha mara mbili, na mwenye meza akitaka hukata mara mbili. Mjanja wao akishinda, ameshinda vilio vya tisa. Ndiyo maana katika Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi, akatuonya kwamba shetani hutaka kwa hayo kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Yeye na kuswali.

Utaniambia, "Hapa kwetu hakuna meza ya kasino." Ni kweli, lakini rudio limekufuata mpaka mkononi. Yako makampuni ya kubeti yanayotangaza kwamba mkeka wako wa mechi nyingi ukichanika kwa mechi moja tu, utarudishiwa dau lako, mara nyingi kwa sura ya bonasi ambayo huwezi kuitoa mpaka uichezee tena. Hilo ndilo rudio la meza ya karata lililovishwa kanzu.

Lipime nalo. Tujaalie mkeka wa mechi 10, na kila mechi ina nafasi sawa ya kupata na kukosa, kama sarafu inayorushwa. Njia zinazoweza kutokea ni 1,024. Katika hizo, ya kupata zote ni moja. Za kukosa mechi moja tu ni 10. Zilizobaki, 1,013, ni za kuchanika vibaya. Kwa hiyo kijana anayerudi nyumbani akijipiga paja na kusema, "Mechi moja tu imeniponza, nilikuwa karibu!" hakuwa karibu na kitu chochote. Huko kukosa kwa mechi moja ni kukubwa mara kumi kuliko kushinda. Kuko katika tabia ya mchezo wenyewe, nako ndiko kunakomrudisha kesho, maana aliyekosa kwa mbali hukata tamaa, na aliyekosa kwa karibu hukopa.

Sasa itazame hiyo huruma. Watu 1,024 wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, zimekusanyika 1,024,000. Kwa hesabu yetu, watakaorudishiwa dau ni kiasi cha watu 10, yaani shilingi 10,000. Haifiki hata asilimia moja ya kilichokusanywa, nayo si fedha ya kununulia unga, ni ruhusa ya kucheza tena. Mvuvi hutoboa dagaa mmoja kwenye ndoana apate changu. Je, utasema mvuvi amemhurumia changu kwa kumpa kitoweo?

Wako watakaojibu kwa hoja tatu.

Kwanza, watasema serikali imeruhusu. Naam, ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na ipo Bodi inayoisimamia. Lakini ruhusa ya dola si fatwa. Sheria inakuambia nini hutashtakiwa kwacho duniani. Haikuambii nini hutaulizwa kaburini. Na sheria hiyo hiyo imemkataza mtoto wa chini ya miaka 18. Basi yale madubwi ya kutumbukiza sarafu, yanayozungukwa na watoto waliotumwa sukari, hata hiyo sheria unayoishika hayana.

Pili, watasema kodi yake inajenga nchi na fedha zake zinadhamini mpira. Hoja hii ni kongwe. Wapo Waarabu wa zama za ujahili waliokuwa wakicheza kamari kwa mishale juu ya nyama ya ngamia, na nyama waliyoishinda wakiwagawia maskini. Sadaka hiyo haikuiokoa kamari yao. Surat al-Baqara, aya ya 219, haikukanusha kwamba yamo manufaa ndani yake kwa watu. Imetufundisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Mizani ilishawekwa.

Tatu, watasema, "Nacheza kwa akili, sitegemei bahati." Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana wanaolisema ni vijana wenye vichwa vyepesi vya hesabu. Ewe kijana wangu, akili ya kukumbuka matokeo ya ligi tano za Ulaya ingetosha kukufanya fundi umeme. Pongwe hii ina machimbo ya mawe, ina kiwanda cha saruji, ina barabara ya Segera inayopita magari usiku na mchana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeinama kutwa juu ya simu, na mvunguni hamna kitu.

Lakini lawama si ya vijana peke yao. Mzee wangu uliyekodisha chumba cha mbele kwa mwenye mashine, ukapokea kodi yako kila mwezi, kisha Ijumaa ukakaa ukiwasikitikia vijana walioharibika: kodi hiyo imetoka mifukoni mwao. Na wewe mama yangu, mwanao alipokuletea doti ya khanga na kilo ya nyama akasema, "Mkeka umetiki," ulimwombea dua. Ulipaswa kumwuliza. Maana siku mkeka usipotiki ataiuza simu yake, kisha redio yako, kisha atakuja na uso wa huzuni akuombe fedha ya dawa. Ukimlipia deni la kamari kimyakimya, nawe umempa rudio.

Sasa nikuonyeshe rudio la kweli, msomaji, kwani dini yetu haikumwacha mkosaji bila njia. Linaitwa tauba. Halina ada ya kuingilia. Halitumiki mara moja likaisha. Nalo lina masharti yake, wazi kuliko ya kampuni yoyote: uache kitendo, ujute, uazimie kutokirudia, na haki za watu uwarudishie wenyewe. Mtume (S.A.W.) amemwelekeza mtu aliyemwambia mwenzake tu, "Njoo tucheze kamari," kwamba atoe sadaka. Ikiwa neno la kualika linahitaji kusafishwa hivyo, je, dau lililokwisha kuwekwa?

Anza leo. Ifute hiyo programu katika simu kabla ya adhana ya Isha. Waambie wenzako barazani, ili waone haya kukualika. Dau la kesho lipe deni la duka. Jioni cheza bao na dhumna kama walivyocheza babu zako, bila kuwekeana kitu, na adhana ikiadhiniwa muinuke. Nawe mwenye nyumba, mkataba wa mashine ukiisha usiuhuishe. Chumba hicho kina cherehani na genge la kuweka.

Mlango wa tauba uko wazi maadamu roho haijafika kooni. Hapo ikifika, waliokufa hutamani warudishwe duniani japo mara moja wakatende mema, na hawarudishwi. Rudio la haki ni hili la sasa. Tandika ule mkeka wa ukili, uelekee kibla.

Wabillahi tawfiq.