GARI ZA MBAO ZISITUPOTEE

Gari za mbao zinazidi kupungua barabarani Unguja. Marehemu babu yangu aliendesha moja, Darajani hadi Makunduchi. Lilikuwa lori lililojengewa bodi na seremala: paa la kubebea magunia na baiskeli, turubai za kuteremsha mvua ikija, na mabenchi ya kutazamana.

Kwa kuwa watu walitazamana, aliyeingia alitoa salamu, na mtoto alimpisha mzee. Leo katika basi dogo twatazamana visogo, kila mtu na simu yake.

Wako watakaosema gari hizo zilikuwa na vumbi na zikichelewa. Kweli, nami sisemi zirudi zote. Lakini bodi la gari la babu sasa ni banda la kuku, na fundi aliyelijenga ni mzee asiye na mwanafunzi hata mmoja.

Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na milango yake twaisifu. Gari la mbao nalo ni kazi ya seremala. Naomba walimu wetu wamwalike fundi huyo, tujenge japo moja naye angali hai. Mimi nitashika randa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne