Pikapu ya shamba haibebi nyumba na magunia kwa pamoja

MWENYE pikapu ya shamba anapoona picha za vile vyumba vya kulala wanavyopachika nyuma ya pikapu kule Marekani, hushawishika haraka. Kuna kitanda juu ya paa la kebini, jiko la gesi, tangi la maji na jeki nne kwenye pembe. Ukitaka gari lako, unainua chumba kwa jeki, unaliondoa pikapu chini yake na kwenda kubeba mbolea. Si kitu kipya. Mwandishi John Steinbeck aliizunguka Marekani mwaka 1960 kwa pikapu ya GMC yenye chumba cha aina hiyo, na gari hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho mjini Salinas, California.

Lakini ndugu msomaji, kabla ya kuagiza, tuzungumze kilo. Pikapu nyingi za dabo kebini tunazotumia hapa zimeundwa kubeba takriban tani moja, na tani hiyo inajumuisha abiria. Chukua watu wanne wa kilo 75, hizo ni 300. Chumba chepesi, chenye paa la kukunjuka na kuta za turubai, tuseme kilo 450. Maji lita 60 ni kilo 60. Weka betri, gesi, magodoro na chakula, kilo 100, na dumu la dizeli kilo 35. Umefika 945 kabla hujafunga hata begi moja. Chumba cha kuta ngumu, ambacho kwa Wamarekani mara nyingi huvuka tani moja kikiwa kitupu, usikifikirie kabisa. Kule kinabebwa na pikapu kubwa kuliko hizi zetu.

Urefu nao ni tatizo. Bodi ya dabo kebini ni kama mita moja na nusu, ya singo kebini ni zaidi ya mita mbili. Chumba kikizidi bodi, uzito unaangukia nyuma ya ekseli, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Australia, ambako watu husafiri sana kwa barabara za vumbi, chesisi za dabo kebini zimepinda kwa sababu hiyo. Anayetaka chumba kwa dhati anunue singo kebini, na familia ipunguzwe hadi watu wawili!

Sifa kubwa ya kifaa hiki ni gari moja kufanya kazi mbili. Kwa kalenda yetu, kazi hizo zinagongana. Iringa, Mbeya na Ruvuma mahindi huvunwa kati ya Mei na Agosti, na kiangazi hicho hicho ndicho kizuri kwenda Ruaha, Katavi au Mikumi. Likizo ya Desemba nayo ni wakati wa kupanda. Ni kweli chumba kinaweza kushushwa Jumatatu na kupandishwa Ijumaa, lakini inahitajika sehemu tambarare na watu wawili wenye subira. Wengi watakiacha juu ya gari, kisha watakodi fuso kusomba mahindi yao wenyewe.

Sasa fedha. Tuseme chumba kimekugharimu shilingi milioni 30 hadi kufika nyumbani, unalala humo usiku 12 kwa mwaka, na kitadumu miaka minane. Hizo ni Sh312,500 kwa kila usiku, bila riba wala matengenezo. Ada ya kambi hifadhini utalipa vile vile, na huruhusiwi kulala popote unapotaka.

Mimi ningenunua hema la kufunga juu ya gari. Uzito wake ni kama kilo 60, na kwenye hesabu ya juu linabakiza karibu kilo 400, yaani magunia manne ya mahindi. Kwa mvua kubwa chumba kina raha zaidi, sikatai, na mwenye kazi ya kulala porini miezi mitatu mfululizo hesabu yake ni nyingine.

Kama tayari umekwishanunua, jaza maji na mafuta, pakia familia na mizigo yote, kisha pita kwenye mizani ya malori ya ghala au kiwanda kilicho karibu. Pima gari zima, halafu ekseli ya nyuma peke yake, na ulinganishe na namba za kibati cha mtengenezaji kilicho mlangoni au chini ya boneti.