Lulindi: Kidonge ni rahisi, safari ndiyo ghali

MKULIMA wa korosho katika Jimbo la Lulindi, wilayani Masasi, hupata sehemu kubwa ya fedha zake katika msimu mmoja, minada inapofunguliwa mwezi Oktoba na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka. Mgonjwa anayesumbuliwa na hofu na wasiwasi uliopitiliza huhitaji dawa kila siku, mara nyingi kwa miezi sita au zaidi. Kalenda hizo mbili hazikutani, na hapo ndipo matibabu yanapokuwa katika hatari ya kukatika.

Mjadala wa gharama za dawa nchini huishia mara nyingi kwenye bei ya kidonge. Kwa dawa za wasiwasi, hicho si kiini cha tatizo. Diazepam iliingia sokoni mwaka 1963 ikiwa na jina la Valium, na hataza yake nchini Marekani ilikwisha mwaka 1985. Fluoxetine, iliyojulikana zaidi kwa jina la Prozac, ilifuata mwaka 2001. Tangu hapo viwanda vingi vimekuwa vikizitengeneza, na bei zake zimeshuka mno.

Kwa hiyo mgonjwa aliyeandikiwa dawa kwa jina la kampuni anayo haki ya kumuuliza mfamasia kama ipo ileile kwa jina lake la asili, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kiambato ni kilekile, ila boksi halina jina kubwa. Ni njia halali ya kubana matumizi, na haimdhuru mtu.

Ipo njia nyingine inayodhuru. Mtu hununua vidonge vitano vya diazepam, hugawa kimoja mara mbili ili vifike mwisho wa wiki, kisha huacha fedha zinapokwisha. Aliyeizoea dawa hiyo kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kurudiwa na wasiwasi mkali kuliko wa awali, kukosa usingizi, hata kupatwa na degedege. Ndiyo maana hupunguzwa polepole, chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha yake ya dawa muhimu ya mwaka 2023, limeiweka diazepam kuwa ya dharura na ya muda mfupi tu kwa wasiwasi mkali, huku fluoxetine ikiwekwa kuwa dawa ya matibabu yenyewe. Tatizo la fluoxetine ni kwamba haionyeshi matokeo upesi. Huchukua wiki kadhaa. Asiyeelezwa hilo mapema atadhani amepunjwa, na atairudia ile inayomlaza usingizi usiku huohuo.

Sasa ihesabiwe safari. Kwa anayeishi vijijini Lulindi na kulazimika kufuata dawa Masasi mjini au Newala, kuna nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani na siku nzima ya shamba iliyopotea, kila mwezi. Akihitaji daktari bingwa, Mtwara mjini ni takriban kilomita 200 kutoka Masasi. Mbele ya gharama hizo, thamani ya vidonge vyenyewe inakuwa ndogo.

Sera ya uchangiaji wa huduma za afya, iliyoanza mwaka 1993, iliweka msamaha kwa makundi kadhaa, yakiwamo ya wagonjwa wa magonjwa sugu, na magonjwa ya akili yamo. Hata hivyo, ili mtu aufaidi msamaha huo sharti kwanza aandikwe kuwa ni mgonjwa wa akili. Mwalimu au mfanyabiashara wa kijijini anayetetemeka na kukosa usingizi hajioni katika kundi hilo, wala hataki jirani amwone humo. Atalipa dukani kuliko kuandikwa bure zahanati. Hiyo ni kodi ya aibu, na haimo katika bajeti ya wizara yoyote.

Lulindi si mahali pageni katika historia ya tiba. Dk. Leader Stirling, daktari wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliyefika Masasi mwaka 1935, alifanya kazi katika hospitali yake, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kati ya mwaka 1975 na 1980. Akiwa waziri, mwaka 1977, WHO ilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu. Wazo la orodha ile lilikuwa dawa chache, za bei nafuu, zipatikane karibu na mgonjwa. Hilo la ukaribu ndilo lililobaki nyuma.

Mfano upo nchini. Watumiaji wa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ambao hali zao zimetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na hivyo kuokoa safari nyingi. Diazepam haifai kugawiwa hivyo, kwa kuwa huleta uteja na inaweza kutumiwa vibaya. Fluoxetine, kwa mgonjwa aliyekwisha kutulia na asiye na dalili za kutaka kujidhuru, ingeweza kufuata utaratibu huo kupitia zahanati iliyo karibu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaweza kumwondolea mkulima bei ya kidonge na ada ya kumwona daktari. Nauli haimo. Aidha, kadi ya bima haimsaidii mgonjwa iwapo rafu ni tupu. Kituo huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa (MSD) kwa kuangalia kiasi kilichotumika siku zilizopita. Mgonjwa anayenunua vidonge vitano vitano dukani hayumo katika hesabu hiyo, na agizo linalofuata huandikwa kana kwamba hayupo.